Mapigo Mawili ya Jembe

Nina hasira za karibu, sikatai. Mume wangu Edmund husema naamka kama niliyelalia upupu. Lakini mtu akirudishiwa shairi mara tatu, tena kwa sababu ile ile, mlitaka acheke?

Kikundi chetu cha washairi hapa Mbinga hukutana kila Jumamosi ya pili ya mwezi, ukumbi wa parokia. Mwenyekiti ni Mwalimu Meinrad, mstaafu anayekaribia themanini, mtu mwema aliyefundisha nusu ya mji huu kusoma, na mimi nimo. Mwaka huu tuliamua kutoa kitabu chetu cha kwanza pamoja na wenzetu wa ziwani, kikundi cha Ngumbo. Mwalimu akaweka sharti: kila mstari vipande viwili, mizani nane kwa nane, ili mashairi yote yafanane. Mashairi atakayoyapitisha yangesomwa siku ya mkutano na watu wa Ngumbo, na siku hiyo hiyo kitabu kingefungwa. Asiyesomwa, hayumo.

Mimi nilitaka kuwamo. Nina miaka hamsini na miwili, natunga tangu usichana wangu, na hakuna hata mstari wangu mmoja uliowahi kukaa kitabuni. Mama yangu naye alikuwa mtunzi. Tulimzika na mashairi yake yote, kwa sababu hakuna aliyeyaandika.

Basi nikapeleka shairi langu la ngoro, yale mashimo ya kilimo tunayochimba kwenye miteremko yetu. Mwalimu akalirudisha: kipande cha pili kina mizani sita, kimepungukiwa mbili. Nikalirudisha vile vile. Akanirudishia. Mara ya tatu nikajikaza, nikachomeka "kweli" hapa na "sana" pale hadi nane zikatimia. Nilipolisoma jikoni, Edmund aliacha kutafuna.

"Hilo si lile ulilokuwa unaimba shambani," akasema. "Hili limevimba."

Alisema kweli. Nikazifuta zile "sana" zote, nikapeleka la mwanzo. Likarudi tena. Jumatatu ya Pasaka Mwalimu akaweka orodha ya wasomaji kwenye kundi la WhatsApp. Majina kumi na moja. Langu halimo. Halafu akaniandikia pembeni: "Mama Devotha, usivunjike moyo. Mvumilivu hula mbivu." Mbivu! Zangu zilikuwa zimeanza kuoza.

Jumamosi ukumbi ulijaa hadi mlangoni. Watu wa Ngumbo walipanda na Coaster, wakaja na ndoo mbili za usipa mkavu, dagaa wa ziwani kwao, kama zawadi, na mwenyekiti wao, Mama Hildegardi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo. Kina mama wa kwetu walipika ugali na maharage, kahawa ikamiminwa, mashairi yakaanza. Sitasema yalikuwa mabaya. Yalikuwa mazuri, na kila lililokuwa zuri liliniuma. Nilipiga makofi huku machozi yananilenga. Edmund kando yangu alikuwa akininong'oneza, "Tulia, mke wangu. Tulia."

Msomaji wa kumi na moja akakaa. Mwalimu akafunga faili lake, akasema kama isemwavyo kanisani kabla ya baraka: "Kabla hatujafunga, kuna mwenye tangazo?"

Nikasimama.

"Gertruda!" Edmund akanishika gauni. Nikalivuta.

"Shikamoo, Mwalimu. Mimi nina tangazo."

"Marahaba. Karibu, Mama Devotha. Tangazo la nini?"

"Natangaza kwamba nina shairi."

Watu wakaguna, wengine wakacheka. Mwalimu akavua miwani. "Mama Devotha, tulishazungumza. Mizani haijatimia. Nikikupitisha wewe, wale niliowakatalia nitawaambia nini?"

"Waambie walikaa, mimi nilisimama."

Kicheko hicho kiliwafikia hata waliokuwa nje. Mama Hildegardi akainua mkono. "Mwenyekiti mwenzangu, kwetu Ngumbo mtu hakataliwi kabla hajasikika. Mwache aseme, kisha mkatae." Mwalimu akatazama ukumbi, akaona hana mtu upande wake. Akaketi.

Nikatoka mbele. Nilianza:

"Majani yamelazika, ndimi nafukia..."

Nikanyamaza pale ninaponyamaza siku zote. Na kabla sijaanza mstari wa pili, nikasikia nyuma kabisa, kwenye benchi la waliopika: puu, puu. Alikuwa jirani yangu Scolastika, anapiga sakafu kwa kisigino. Nadhani hata hakujua anapiga.

"Mlima ukiponyoka, mimi nashikia..."

Puu, puu. Sasa benchi zima.

"Mvua ikifurika, humo hutulia..."

Puu, puu! Kila mwanamke wa milimani aliyekuwamo ukumbini, wazee kwa wasichana, visigino vinashuka pamoja. Vikombe vya kahawa vilicheza mezani.

"Udongo hautatoka, hapa nasalia!"

Puu! Puu! Vumbi likainuka. Nilikuwa na beti sita, na nilizisema zote sita, na sikumbuki nilivuta pumzi wapi. Nilipomaliza, mtu alipiga kigelegele, na baada ya hapo sikusikia tena kitu kimoja kimoja.

Kelele zilipopungua Mwalimu alikuwa bado ameketi, anahesabu kwa vidole. Sita, kisha viwili. Sita, kisha viwili. Akarudia tena. "Nane," akasema polepole. "Lakini hizo mbili zimetoka wapi? Kwenye karatasi hazimo."

Hapo Edmund akasimama. Mume wangu huyo huyo wa "tulia".

"Mwalimu, mimi na wewe hatuwezi kuzisikia. Kwenye ngoro mwanaume anafanya nini? Anafyeka majani, anayapanga miraba mlimani, anaondoka kunywa pombe. Anayebaki kuchimba katikati ya mraba na kuyafukia majani ni mwanamke. Jembe linashuka, linavuta udongo juu ya majani. Mapigo mawili, kisha anasogea. Akiimba, pale ananyamaza, maana jembe ndilo linasema. Mimi nimesikia miaka thelathini, nikidhani anapumzika."

"Wanaume!" Scolastika akapaza sauti kutoka nyuma, na ukumbi ukalipuka tena.

Mwalimu Meinrad alizaliwa kwenye milima hii, na kila mwaka amelaza majani yake mwenyewe, asilisikie jembe. Ningekuwa mtu mwingine, labda ningemwonea huruma. Sikumwonea. Nilisimama pale nikamngoja.

Akainuka, akaja mbele, akasimama karibu yangu. "Nimekosea," akasema, kwa sauti ile ile ya darasani, bila kuyatafuna maneno. "Nimelihesabu nikiwa nimekaa mezani. Mama Devotha, naomba ulirudie, nami nipige."

Nikarudia. Mwalimu alipiga kisigino mapema, ukumbi ukacheka. Mstari wa pili akachelewa, wakacheka zaidi, naye akacheka. Wa tatu sikuuanza hadi nilipomwona amenitazama usoni vizuri. Akaupata. Puu, puu, kiatu chake cheusi na visigino vya kina mama vikashuka pamoja, na watu wa Ngumbo nao wakaingia, wanaume kwa wanawake, watu ambao hawajawahi kuchimba ngoro maisha yao yote. Nilifurahi. Nilifurahi hadi nikasahau kumkasirikia mtu.

Mama Hildegardi hakungoja utaratibu. "Wanaotaka shairi hili liwemo, mikono juu!" Mikono iliyopanda sikuihesabu. "Na wanaotaka lifungue kitabu?" Iliyokuwa chini ikapanda, na wa Mwalimu ukiwamo.

Mwalimu akarudi mezani, akafungua faili, akachukua karatasi mpya ya kuweka juu ya zote. Kalamu ikasimama. Kumbe miaka yote hii ananiita jina la mwanangu, langu la shuleni ameshalisahau.

"Jina kamili?"

"Gertruda Kapinga."

Akaandika, herufi kubwa kubwa, nikiziona zinavyotoka moja moja. Mama yangu angeziona zile herufi! Nikafuta macho kwa kitenge, wala sikujificha.

"Na kazi?" akauliza. "Kila mtu tumeandika kazi yake chini ya jina. Wewe nikuandike mshairi?"

"Andika mkulima," nikamwambia. "Ushairi watausoma wenyewe."