Mawe Masafi ya Ukuta wa Nne

Boke hakuwa mtu wa kunong'ona sifa zake. Akichora simba, mtaa mzima wa Mukendo, mjini Musoma, utaambiwa kwamba simba huyo karibu angurume. Na kweli, mkono alikuwa nao. Kuta tatu za studio ya picha ya Enos zilikuwa kazi yake: mnara wa Paris, piramidi za Misri na Ukuta wa China. Watu walitoka Bunda kuja kupigwa picha "ng'ambo", kisha wakarudi kwao kula ugali.

Ukuta wa nne ndio ulioleta maneno. Enos alikuwa safarini, na Boke, bila kumuuliza mtu, akachora mawe ya Musoma, yale makubwa yaliyopandana kando ya ziwa. Enos aliporudi alishika kiuno.

"Boke, nani atalipia mawe anayoyapita bure kila siku?"

"Wenzako wanapanda ndege kuja kuyaona, bosi."

"Wazungu hao! Wateja wangu mimi wanatoka Majita." Akatua ndoo ya rangi nyeupe chini ya ukuta. "Chema chajiuza. Jumapili ni kipaimara. Ikifika jioni hakuna aliyesimama hapa, nafuta, unanichorea Dubai."

"Na wakisimama, hufuti kamwe."

"Sawa."

Boke aliupenda ukuta ule kuliko zile tatu nyingine. Paris aliinakili kwenye kalenda. Mawe aliyafuata mwenyewe, asubuhi nyingi, akakaa akayatazama mpaka yakamkaa moyoni.

Jumapili Enos alikwenda kupiga picha kanisani, akamwachia Boke kamera ya studio. Watu walijaa. Foleni ya Paris ilifika mlangoni, ya piramidi nayo haikuwa haba. Mbele ya mawe waliweka mikoba yao.

"Jamani, mkataa kwao mtumwa!" Boke alifoka. Wakacheka, wakaendelea kunyoosha tai.

Alasiri Petronila, mke wa mvuvi kutoka Majita, alikuja kuchukua mkoba wake. Akainua macho, akasimama.

"Nani kachora haya?"

"Mimi, mama."

"Kwenu wapi?"

"Butiama."

"Ndiyo maana! Ng'ombe unawajua, ziwa hulijui. Mbona mawe masafi hivi? Ndege wako hawanyi?"

Studio ililipuka kwa kicheko. Masatu, mumewe Petronila, akatoka kwenye foleni ya Paris. "Kweli kabisa! Lile la juu linakuwaga jeupe pe. Tukiwa mtumbwini tunaliona kwa mbali, tunajua tumefika."

Mwingine akaacha piramidi, akaja kuonyesha ndege wanapolala. Wa tatu akambishia. Paris hakuna aliyeisahihisha, kwani nani kaiona?

Aibu ilimchoma Boke, ila haikukaa. Akacheka kwa sauti kuliko wote. Kumbe aliyaosha mawe ya watu yapendeze kama kalenda! Akaifungua ndoo ya Enos.

"Haya mama, nionyeshe wanapokunya."

"Hapo. Ongeza. Ndege huyo kashiba samaki furu, mwagia!"

Rangi ikachuruzika kwenye mawe. Petronila akarudi nyuma hatua chache.

"Sasa ndiyo kwetu," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mary, mwanangu! Njoo usimame hapa na gauni lako la kipaimara. Baba Mary, njoo!"

Foleni ya Paris ikavunjika. Boke alipiga picha mpaka kidole kikauma, huku akijisifu kwa kila mtu.

Jioni Enos aliingia na brashi pana mkononi.

"Rangi yangu iko wapi?"

"Iko kazini, bosi."

Enos akageuka kwenye ukuta. Alikuwa mzaliwa wa mtaa wa Nyakato, na utoto wake wote alioga kwenye mawe yale. Akasogea karibu.

"Boke."

"Bosi."

"Hili la chini, la kushoto. Tulikuwaga tunarukia majini kutoka hapa. Nalo lilikuwa jeupe, umelisahau."

Akachovya brashi kwenye rangi iliyobaki, akalipaka mwenyewe. Kisha akaligeuzia mgongo jiwe lake, akafunga vifungo vya koti.

"Haya, nipige."