Karani Anikaribisha Kizimbani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama jikoni kwetu, jua la mchana linawaka dirishani, na kizimba cha mbwa kinanigombeza.

Kizimba chenyewe ni cha waya. Fundi wa kuchomelea wa mtaani kwetu alikitengeneza kwa ajili ya Karani, mtoto wa mbwa niliyepewa na kaka yangu. Tunamfundisha kulala humo, naye hataki. Analia usiku kucha. Jana mke wangu, Mama Aneth, uvumilivu ulimwishia. "Akilia tena leo, kesho anarudi kwa kaka yako. Sitanii." Nami nilishampenda yule kiumbe, nisiseme uongo, masikio yake tu yananimaliza. Kwa hofu ya kumpoteza nikamsukumia ndani kwa mguu, nikasema, "Ingia jela, ukome!" Nikafunga, tukaenda kulala.

"Jela nani?" kizimba kinauliza, kimejishika kiuno. "Mimi ni nyumba ya watu. Wewe kwa watu unaingiaga bila hodi?"

"Hapana, mama."

"Haya, piga hodi."

Napiga hodi. Kimya. Napiga tena. Sauti nyembamba inaitikia kutoka ndani: "Karibu! Futa miguu tu."

Nainama, napita. Ndani ni sebule kubwa kuliko ya kwetu, makochi yamefunikwa vitambaa vya kufuma, na Karani amekaa kwenye kochi, miguu haifiki chini.

"Shikamoo, baba," ananiamkia.

Jamani! Mtu niliyemsukuma kwa mguu! Naitikia marahaba nikitazama sakafu. Ananimiminia chai kwenye bakuli lake mwenyewe, ananisogezea na mfupa. Nautafuna. Chakula cha watu hakikataliwi.

Nikiinua kichwa, sebule haipo. Nimejikunja ndani ya waya, mlango umefungwa, na kizimba kimewekwa katikati ya uwanja wa mpira usio na mtu hata mmoja. Karani yuko nje, kando ya mlango.

"Nifungulie!" nalia. "Nakufa mwenzio!"

"Nikimfungulia akiwa analia," Karani anakiambia kizimba, kwa upole kabisa, "atajua kulia ndiyo ufunguo."

"Kanuni ni kanuni," kizimba kinakubali.

Na kweli, machozi yangu yanageuka funguo. Yanadondoka chini, kling, kling, lakini hakuna hata ufunguo mmoja unaoingia kwenye kitasa. Nalia zaidi. Funguo zinanifika magotini.

Ndipo Karani anafanya jambo ambalo mimi na ukubwa wangu wote sikulifikiria. Hafungui, lakini pia haendi zake. Analala ubavuni pa kizimba, anapenyeza mguu wake mdogo kati ya waya, anaugusa mkono wangu.

"Nipo, baba. Lala."

Basi, nikanyamaza palepale. Kumbe mtoto hakuwa anakataa nyumba, alikuwa anauliza watu wako wapi! Sisi tulimwacha jikoni, tukajifungia chumbani, kisha tukamwita mkorofi. Namvulia kofia yule mbwa. Sijui moyo mkubwa namna ile unakaa wapi katika mwili mdogo ule. Nikaegemea waya upande wake, nikasinzia.

Nikaamka kitandani, kumekucha. Nyumba kimya. Mama Aneth ameshamrudisha! Nikakimbilia jikoni.

Karani amelala fofofo kizimbani, tumbo juu. Mama Aneth amechuchumaa mbele yake na nguo yake ya kulalia, anamtazama kama anayetazama mtoto wa kumzaa.

"Hajalia hata kidogo," akaninong'oneza. "Basi abaki. Ila akigusa viatu vyangu tutagombana."

Mama Aneth akanigeukia. Akanishika kidevu, akaligeuzia shavu langu kwenye mwanga.

"Baba Aneth, wewe ulilala wapi? Mbona uso una alama za waya?"