Utafiti wa Sauti ya Mzee

Utafiti wenyewe uliitwa Sauti ya Mzee. Mzee ni mimi. Sauti ikawa ni kitindamimba wangu, yule tunayemwita Meneja ingawa hajawahi kukabidhiwa hata kibanda cha vocha.

Walikaa sebuleni kwangu, kwenye makochi yangu, yeye na mtafiti, binti mwenye kitambulisho shingoni na adabu zake zote. Mimi walinipa kiti cha jikoni, eti kina mgongo ulionyooka. Binti akauliza kama bibi anapata usingizi. Meneja akajibu kwamba naamkaamka. Bibi anakula? Nachaguachagua. Bibi anakumbuka mambo? Hapo Meneja akashusha pumzi kama mfiwa, akasema siku hizi tunamshukuru Mungu tu. Nilipojaribu kutia neno, binti alinigeukia, akanipaazia sauti, silabi moja moja, kwamba nisiwe na wasiwasi. Masikio yangu hayana ubaya wowote. Mdomo ndio uliokuwa haupewi nafasi.

Nilijua mambo yanaelekea wapi. Wiki iliyopita niliteleza bafuni nikachubuka goti, basi. Meneja akaja mbio, akachukua ufunguo wa mlango wangu kwa ajili ya usalama, akautia kwenye mfuko wa shati. Tangu hapo kazi yake ni kunisifia chumba cha uani kwake, kile alichokuwa akihifadhia saruji. Alichongoja ni mtaalamu aseme siwezi kuishi peke yangu. Iliniuma sana. Nyumba hii niliijenga kwa cherehani, na yeye mwenyewe alikuwa akilala chini ya meza nikishona.

Likaja jaribio la miguu. Binti akabandika utepe sakafuni, akashika saa. Nisimame bila kujishika, nitembee hadi kwenye utepe, nigeuke, nirudi, nikae. Akamweleza Meneja. Meneja akanieleza mimi.

Nikasimama. Nikafika kwenye utepe, nikauvuka. Meneja akainuka kunidaka, akidhani nimepotea njia sebuleni kwangu. Nikasimama mbele yake, nikanyoosha mkono vilevile nilivyokuwa nikiunyoosha zamani alipoficha mkasi wangu.

"Ufunguo," nikasema.

Ana kipara na wajukuu wawili, lakini mkono wake haukusahau malezi. Uliingia mfukoni, ukatoa ufunguo, ukanipa. Nikageuka, nikarudi, nikakaa bila kujishika.

Binti aliitazama saa, akanitazama mimi. Safari hii alisema kwa sauti ya kawaida.

"Muda umezidi kidogo, bibi."

"Andika nilipitia mahali kuchukua changu."

Akainamisha uso kuficha kicheko. Kisha akahama kochi, akavuta kigoda karibu nami, akaanza upya tangu swali la kwanza: napata usingizi? Meneja nilishamtuma jikoni akachemshe chai.

Nikamwambia binti kwamba leo nitalala.