Tulsi Haichumwi Jumapili

Majigambo ya Yamunabai yalijulikana mtaa mzima katika mji wa Wai, India: tangu aolewe, hakuna mkono uliowahi kuchuma tulsi, ule mrihani wanaouabudu Wahindu, uani kwake siku ya Jumapili. Siku hiyo mmea huo mtakatifu hupumzika. Majani ya dawa huchumwa Jumamosi, basi.

Jumapili moja mjukuu wake, Ojas, aliamka akikohoa mpaka macho yanamtoka, na mkaza mwanawe, Ketaki, alikuwa amesahau kuchuma majani jana yake.

"Umesahau!" Yamunabai alifoka. "Mbona simu huisahau? Hicho kichwa ni cha kufugia nywele tu?"

"Mama, majani matano tu, nimchemshie na tangawizi."

"Hata moja! Iguse tulsi yangu leo uone kama hulali kwa mama yako."

Ketaki akabamiza sufuria jikoni. "Haya, mtoto na akohoe kwa adabu!"

Neno hilo lilimchoma. Yamunabai akamkasirikia mkwe, akaikasirikia Jumapili, akaukasirikia hata mmea wenyewe, umenawiri pale kama hausikii. Ojas akakohoa tena, safari hii pumzi ikakwama. Bibi akachomoka mbio hadi uani, akaunganisha viganja, akanong'ona, "Mama Tulsi, nisamehe," kisha akanyofoa tawi zima.

Kugeuka, Ketaki huyo mlangoni.

"Kumbe leo Jumatatu, Mama?"

"Unanikodolea nini?" Yamunabai alifoka, akimsukumia lile tawi. "Maji yamechemka au hayajachemka?"