Dawa ya Kichwa ya Mama Fundi

Mama huyu alikuwa fundi cherehani, na kila mtu alimwita Mama Fundi. Mdomo alikuwa nao. Wateja walikaa kwenye benchi lake hata nguo zao zikiwa tayari, wamsikilize tu. Aliyemtania kuliko wote ni wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa na ugonjwa wa sukari miaka sita.

Kwenye shughuli za ukoo, wifi akisogeza soda pembeni na kuomba maji, Mama Fundi alianza. "Mpisheni Bi Kijiko. Sukari yote kaimaliza yeye, sisi tunywe chai bila sukari." Watu walivunjika mbavu. Wifi naye alicheka, maana utani wa mawifi ndivyo ulivyo. Ila siku moja Mama Fundi alimkuta jikoni akifuta macho, akajifanya hakuona, anatafuta sufuria.

Basi naye yakamkuta. Alikwenda kupimwa macho, kwa sababu kutunga uzi kwenye sindano kulikuwa kunamshinda. Tabibu akamtoboa kidole, akamfunga mkono kwa mashine ya presha, akarudia tena.

"Mama, unavyo vyote viwili, sukari na presha. Mara nyingi hutembea pamoja."

Akapewa vidonge vya aina mbili na maelezo marefu. Alichosikia yeye ni kicheko cha benchi lake mwenyewe.

Hakumwambia mtu. Zahanati ya jirani aliikimbia, akawa anakwenda ya mbali, akiaga kwamba anafuata vitambaa. Vidonge alivitoa kwenye karatasi zake kimoja kimoja, akavitia kwenye kichupa cha zamani cha dawa ya kichwa, akakiweka kwenye droo ya cherehani. Akiulizwa anameza nini, alijibu kwa mkato: "Za kichwa." Mzazi mwenzangu unayesoma haya, hapo ndipo alipoharibu.

Ukafika msimu wa sare za shule, mashati yamejaa hadi mlangoni. Binti yake wa miaka kumi na tisa alikaa kwenye mashine ya kufunga pindo tangu asubuhi bila kutia kitu mdomoni. Kichwa kikaanza kumgonga. Mama alikuwa nje anampima mteja. Binti akafungua droo, akameza viwili, akaendelea na kazi.

Mchana mama aliona ajabu. Binti alikuwa anaunga mkono wa shati kwenye kola.

"We, nani huyo atakayetolea mkono shingoni?"

Benchi likacheka. Binti hakucheka. Jasho lilikuwa linamtiririka na vidole vinatetemeka. Wifi, aliyekuja na pazia la kupindwa, akainuka.

"Wifi, acha mzaha. Haya nayajua. Mimi nikimeza dawa nikachelewa kula, huwa hivi hivi."

Aliagiza soda, akamshika binti kidevu na kumnywesha taratibu. Baada ya robo saa macho ya binti yakarudi.

"Umekula nini leo?" wifi alimuuliza.

"Sijala, shangazi. Nimemeza tu zile za kichwa za mama."

Wifi akageuka. "Wifi, humu ndani kuna dawa za sukari?"

Watu wanne kwenye benchi walitega masikio. Mama Fundi alishika futi iliyoning'inia shingoni mwake.

"Za sukari zitoke wapi? Mtoto ana njaa tu."

Alijua. Wakati ule ule aliposema, alijua. Alijiambia soda si imeshafanya kazi, basi yamekwisha. Akampa binti mkate, na binti akarudi kwenye mashine.

Saa moja haikutimia, paji la uso la binti likaangukia meza. Safari hii hakuweza kumeza hata mate. Jirani alitoa gari, wakambeba hadi zahanati ile ile ya karibu, kichwa chake kikiwa mapajani kwa shangazi yake.

Tabibu wa pale alimtoboa kidole, akakunja uso. "Sukari imeshuka mno. Amemeza nini?"

"Dawa ya kichwa tu," alijibu wifi, kwa moyo mweupe.

Tabibu akaanza kuandika. Mama Fundi aliitazama kalamu ikiandika uongo wake.

"Si ya kichwa," alisema.

"Sema kwa nguvu, mama."

"Si ya kichwa. Ni ya sukari, na ya presha. Ni zangu mimi."

Tabibu hakumgombeza. Alimtundikia binti dripu ya sukari, ndipo akasema, "Dawa hii haifanyi kazi mara moja ikaacha. Soda ikiisha, inaendelea kuishusha sukari. Ungesema mapema, asingerudi kazini. Sasa atalala hapa tumwangalie, na presha yake pia."

Jioni binti alifumbua macho. "Mama, kwa nini hukuniambia?"

Mama Fundi alichezea pindo la shuka. Wifi alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, na Mama Fundi alimsubiri amtanie. Angalau angetaniwa, angejua wako sawa.

"Tangu lini?" wifi aliuliza tu.

"Huu mwaka wa pili."

"Mwaka wa pili," wifi alisema, "na bado unanicheka."

Muuguzi aliingia na mashine ya presha. Alimpima binti, kisha akamtazama mama. "Na wewe, mama, mara ya mwisho umepimwa lini?"

Mama Fundi alikunja mkono wa gauni, akautoa mkono wake, akageuzia uso ukutani asione nani anamtazama.