Protini Yenye Mikia Miwili

Mwanga ulishuka.

Farhana Maftah alisoma namba kwenye kompyuta, akaitoa sahani ndani ya mashine, akaipangusa chini kwa karatasi laini, akairudisha. Huenda kulikuwa na vumbi au tone la maji. Mashine iliivuta sahani na kusoma vishimo vyake kimoja kimoja. Mwanga ukashuka tena kwenye vishimo vilevile, vyenye maji ya gome la mti walilokuwa wakilipima.

"Wamalwa, hebu njoo uone."

Wamalwa, mwenzake wa maabara, Mkenya wa Bungoma, alikuwa mlangoni akila karanga kwa sababu ndani hairuhusiwi. Akakung'uta mikono, akavaa glavu, akaja.

"Hii ndiyo ile ya mikia miwili?"

"Ndiyo. Wameileta jana kutoka Entebbe."

"Na imeshuka?"

"Imeshuka."

Kazi yao ilikuwa hivi. Kimelea cha malaria hakiingii ndani ya chembe nyekundu ya damu mpaka protini yake moja ishikane na protini iliyo juu ya chembe hiyo. Maabarani kila moja ya protini hizo ilitengenezwa ikiwa na mkia wake, kipande cha ziada kisicho na kazi ila kutambulika. Kingamwili moja iliushika mkia wa kwanza, nyingine mkia wa pili, na kila kingamwili ilibeba rangi yake. Rangi ya kwanza ilipokea mwanga wa mashine. Ya pili iliwaka nyekundu pale tu ya kwanza ilipokuwa karibu nayo sana, ikaigawia mwanga wake. Protini zikishikana, nyekundu inawaka. Zikiachana, inafifia. Anayetafuta dawa ya kuzuia protini hizo zisishikane hutafuta kitu kinachofifisha nyekundu.

Gome la ami yake, Sufian, lilikuwa limeififisha karibu kuizima.

Lakini siku gome lilipopimwa mara ya kwanza, kipimo cha kulinganishia kilikuwa bado hakijafika. Kilikuwa ni protini moja tu iliyopewa mikia yote miwili. Juu yake kingamwili zote mbili hukaa jirani daima, na hakuna dawa inayoweza kuziachanisha, kwa kuwa hakuna viwili vya kuachanishwa. Nyekundu ikififia hata hapo, basi gome halijatenganisha kitu. Limezinatia kingamwili zenyewe, au limeufunika mwanga. Kimelea hakijaguswa.

"Si ajabu," Wamalwa alisema. "Magome yana ile kitu ya kukaza ulimi, kama chai kali. Inashika protini yoyote inayokutana nayo. Tunaliweka kando, tunachukua mmea mwingine. Mbona umeduwaa? Ni mangapi yashatufanyia hivi?"

"Hili nililitaja nyumbani."

Wamalwa aliacha kutabasamu. "Ulimtajia nani?"

Alikuwa amemtajia mwenye gome. Ustadh Sufian, mdogo wa marehemu baba yake, asubuhi alisomesha watoto madrasa na mchana aliuza dawa za miti shamba Kamwokya. Siku ya Idi, juu ya sinia la pilau, alimuuliza mbele ya jamaa wote, "Mwanangu, gome langu limefaulu mtihani?" Farhana alijibu, "Mpaka sasa, ami, linazuia." Jibu lilikuwa sahihi. Lilihusu vishimo vya sahani. Jamaa walipiga vigelegele, na maneno mawili ya mwanzo hakuna aliyeondoka nayo.

Sasa alimpigia ami simu, palepale maabarani.

"Ami, lile gome usiwauzie tena watu wa malaria."

"Kwa nini? Unasifiwa hapa! Nawaambia, huyu ni binti wa marehemu Maftah, amelipima kwa mashine."

"Kipimo kimetudanganya, ami. Nimelirudia leo. Halizuii kitu."

"Halizuii vipi, na mdogo wako analinywa na hatapiki tena?"

Farhana aliweka mkono juu ya meza. "Mwanawetu anaumwa?"

"Homa. Zahanati walimkuta na malaria, wakampa vidonge, akavitapika vyote. Nikamtuliza kwa gome. Tangu juzi limekaa tumboni, alhamdulillahi. Sasa amelala."

Mwanawetu alikuwa na mimba ya miezi saba. Mumewe alikuwa safarini Arua, na yeye Mwanawetu alikuwa amerudi kukaa kwa ami yake, nyuma ya duka.

"Amelala vipi?"

"Kulala ni kulala, Farhana. Unataka nikueleze usingizi?"

"Mwamshe. Nataka nisikie sauti yake."

Alisikia ndara zikiburuzwa, kisha pazia. "Mwanawetu. We, Mwanawetu." Kimya. "Mwanawetu!" Kisha sauti nzito ya mdogo wake, maneno yakigongana.

"Anasema nini, ami?"

Alipojibu, sauti ya ami haikuwa ile ya dukani. "Anamuuliza baba yako kama ameshafunga mlango."

Baba yao alikuwa amekufa Mwanawetu akiwa shule ya msingi. Farhana alijua malaria inapopanda kichwani huanza hivyo. Alijua pia kwamba kwa mwenye mimba vimelea hujificha katika kondo la nyuma, na kwamba sukari ya damu huweza kushuka bila mtu kuona dalili nyingine. Alivijua vyote hivi kwa mpangilio, kama alivyofundishwa.

"Kama anaweza kumeza, mpe maji ya sukari kidogo kidogo. Kama hawezi, usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu. Nakuja."

Kutoka maabarani Mulago hadi Kamwokya si mbali. Mwenye boda alimtazama akipanda na koti la maabara mwilini.

"Nyabo, wapi?"

"Kamwokya, sokoni. Haraka."

"Haraka iko. Jam pia iko," alisema yule, akaingia katikati ya magari. Njiani Farhana alijaribu kuhesabu watu waliokwisha kununua gome tangu Idi. Hakuwa na njia ya kuwajua. Akaacha.

Dukani alikuta mteja mmoja, Mkongomani aitwaye Hortense, muuza vitenge wa jirani. Alikuwa ameshika chupa ya maji ya gome, mekundu kama chai iliyolala.

"Mama, hiyo ni ya nani?"

"Ya mtoto. Ana moto mwilini."

"Usimpe. Mpeleke akapimwe leo."

"Mwalimu amesema kuna daktari alipima hii dawa."

"Si daktari. Ni mimi. Nilipima vibaya."

Hortense alimwangalia Farhana, akamwangalia Ustadh Sufian aliyekuwa ametokeza penye pazia, akairudisha chupa juu ya kaunta. "Sawa," alisema. "Nyinyi malizeni mambo ya kwenu. Sisi, watoto wetu ndio wanaungua." Akatoka.

"Umenivunjia heshima dukani kwangu," ami alisema taratibu.

"Nisamehe, ami." Farhana alilipita pazia, akainama penye kitanda cha mdogo wake. "Shika miguu yake."

Mwanawetu alikuwa wa moto na mkavu. Weupe wa macho yake ulikuwa umeingia umanjano. Alimtazama dada yake kama mtu anayejaribu kukumbuka walionana wapi.

"Dada," alisema mwishowe. "Gome chungu."

"Najua."

"Wewe ulisema zuri."

Farhana alimshika makwapani. Walimbeba mpaka barabarani, kanzu ya ami ikikanyagika, na teksi ya kwanza iliyosimama ikawapandisha kilimani, hospitali ya Mulago.

Wodini walimpokea haraka. Walimchoma kidole, sukari ikaonekana iko chini, wakamtundikia dripu. Damu ilipotazamwa, aliyekuwa kwenye hadubini alirudi akitembea upesi, na sindano ya malaria kali ikafuata. Farhana alisimama pembeni kwa sababu hapakuwa na kazi yake. Ami alisimama karibu naye, tasbihi mkononi, bila kuisogeza.

"Ataishi?" ami aliuliza.

"Sijui."

"Na wa tumboni?"

"Sijui, ami."

Mkunga aliyekuwa zamu, Sista Nabalayo, alikuja na kifaa cha kusikilizia moyo wa mtoto. Alipaka mafuta mazito juu ya tumbo, akakigusisha. Kwanza kulikuwa na mvumo tu. Kisha, wazi kabisa, mapigo.

"Alhamdulillahi!" Ami alishika ukuta. "Yu hai. Mnamsikia? Yu hai."

"Bado, mzee," Nabalayo alisema. "Nyamaza kidogo."

Farhana alikuwa ameshika kifundo cha mkono wa mdogo wake tangu kifaa kilipogusa tumbo. Mshipa ulipiga chini ya vidole vyake, na kila ulipopiga, kifaa nacho kilipiga. Pamoja. Tena pamoja.

"Ni moyo wa mama," alisema.

Nabalayo alishika mkono wa pili, akasikiliza, akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo. Homa imeupeleka mbio, unafanana na wa mtoto. Hutokea."

Alikisogeza kifaa chini ya kitovu. Mvumo. Akakisogeza kulia. Mvumo. Akaongeza mafuta, akabonyeza kwa mkono mwingine kutafuta mgongo wa mtoto, uso wake ukiwa hauonyeshi chochote. Ami alifumba macho. Farhana hakufumba yake; aliukazia macho mkono wa Nabalayo, kwa kuwa mkono huo ukiacha kutafuta, itakuwa ndiyo habari.

Haukuacha. Uliteremka kushoto, karibu na nyonga, ukatulia.

Mapigo, mbali, kama ya saa iliyofunikwa kwa nguo.

Farhana alisikiliza kwa sikio na kwa vidole. Mshipa wa Mwanawetu ulipiga, kifaa kikapiga, na mara kifaa kikatangulia, kikatangulia zaidi, kikaliacha pigo la mama nyuma.

"Hayalingani," alisema. "Sista, rudia."

Nabalayo alikiinua kifaa kabisa, kukawa kimya. Akakirudisha palepale. Mapigo yalirudi, ya haraka, hayalingani na ya mama.

"Ndiye?" ami aliuliza. Aliuliza kwa kunong'ona, akimtazama Farhana, si mkunga.

Farhana hakuutoa mkono wake pale ulipokuwa.

"Mpaka sasa, ami, ndiye."

Ami alivuta kiti, akaketi. Tasbihi ilianza kusogea.

"Mpaka sasa," alirudia.