Jumatano ya Mtihani wa Uraia

Mwaka 2012 Liliane alikuwa mwaka wa nne wa sekondari, na somo alilolitegemea zaidi lilikuwa uraia. Alilisoma kwa sauti shambani kwao Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, akipalilia maharage pamoja na mama yake, Perpétue: kazi za bunge, kazi za mahakama, haki za raia na wajibu wake. Alisoma kwa Kiingereza. Perpétue, aliyekimbia kutoka Uvira akiwa na Kifaransa kidogo cha shule ya msingi, hakuelewa neno. Lakini binti yake akikwama katikati alijua amesahau, akasimamisha jembe na kumngoja.

Darasani Liliane aliwahi kumwuliza mwalimu Mutabazi sheria inasema nini juu ya mtu aliyeingia nchini mgongoni kwa mama yake. Mutabazi, mwenyeji wa huko, Mnyankore mpole wa makamo, aliangalia kitabu kwa muda.

"Hiyo hapana iko kwa mtihani," alisema. "Wewe soma tu ile iko."

Akasoma ile iliyokuwako.

Mtihani wa taifa ukiwa umekaribia, simu ya Perpétue iliita. Familia nzima ilitakiwa Mbarara, kwenye ofisi moja ya Kamukuzi, Jumatano asubuhi, kwa mahojiano ya kuhamishiwa nchi nyingine. Wito huo waliungoja tangu daktari aliposema moyo wa Olga, mdogo wake Liliane, una tundu, na kwamba hospitali yake haikuwa na uwezo wa kuliziba. Olga alikuwa na miaka tisa. Akibeba hata kidumu cha maji, midomo ilimgeuka rangi.

Mtihani wa uraia ulikuwa Jumatano hiyohiyo, saa nane mchana.

"Mama, nyinyi muende. Mimi nitakuja siku ingine."

"Banasema mutu mumoja akikosa, dosiye, ile faili yetu, inarudi nyuma."

"Uliwaambia niko na mtihani?"

"Niliwaambia. Yule mama wa ku simu alisema pole."

Liliane alimtazama Olga, aliyekuwa akichambua maharage kwenye ungo bila kuinua macho, akaketi kumsaidia.

Mutabazi naye hakuwa na la kufanya. "Hiyo mtihani natoka Kampala. Mimi hapana weza sogeza. Jaribu kurudi mbio. Nusu saa ikipita, hawaruhusu mtu kuingia."

Jumanne walilala Kakiika, karibu na Mbarara, kwa mshirika wa kanisa lao. Perpétue aliomba kwa sauti ndogo waitwe wa kwanza. Lakini walipofika Kamukuzi asubuhi, mabenchi yalikuwa yameshajaa. Olga alilala mapajani kwa dada yake. Kila mlango ulipofunguliwa Liliane aliinuka nusu, akakaa tena. Alijaribu kurudia sura ya mahakama kichwani, akajikuta anasoma mstari uleule.

Waliitwa saa sita na nusu. Mhojaji alimwuliza Perpétue mengi kuhusu usiku waliotoka Uvira, na Perpétue alijibu akipangusa uso kwa kitenge. Kisha mhojaji akamgeukia Liliane.

"Jina lako kamili?"

Akalitaja.

"Ulizaliwa lini?"

Akasema. Mhojaji aliandika, akafunga faili. "Mtapigiwa simu."

Liliane aliwaacha mama na mdogo wake kwenye ngazi, akakimbia. Gari la Nakivale lilikuwepo, lakini dereva alikuwa ameegemea mlango akila muwa.

"Tafadhali, niko na mtihani."

"Siste, watu bado."

Waliondoka saa saba na nusu. Barabara ya vumbi haikuharakishwa na machozi yake. Alipofika shuleni, saa tisa ilikuwa imeshapita na mlango wa darasa ulikuwa umefungwa. Dirishani aliwaona wenzake wameinama, na dawati moja tupu. Mutabazi alimfuata msimamizi, mtu mgeni aliyeletwa kwa ajili ya mitihani, wakanong'onezana. Msimamizi alitikisa kichwa. Mutabazi akarudi, akasimama barazani karibu naye.

"Utaandika mwaka kesho."

"Mwaka kesho hatujui tutakuwa fasi gani, mwalimu."

Mutabazi aliketi kando yake. Hakumwacha peke yake mpaka karatasi zilipokusanywa.

Jioni Perpétue aliingia na nguo zake za kanisani, amembeba Olga aliyesinzia. "Uliingia?"

"Hapana."

Perpétue alikaa chini kwenye mkeka, viatu bado miguuni. "Nisamehe, mutoto wangu."

"Hukukosa kitu, Mama."

Kujiandikisha kwa mtihani wa mwaka uliofuata kulipofunguliwa, walizungumza mara nyingi bila kufikia uamuzi. Je, wakiitwa kabla ya mtihani? Je, wasipoitwa kabisa? Tarehe ya mwisho ikawapita. Ofisi haikupiga simu.

Karibu na Pasaka Olga hakuweza tena kutembea mpaka shule. Liliane alimbeba mgongoni asubuhi kwa wiki chache, mpaka Olga mwenyewe akasema amechoka, aachwe nyumbani. Liliane akabaki naye.